Seva ya Hifadhidata Inapogoma Kuwaka

Ujumbe wenyewe huja kwa maandishi mekundu chini ya paneli ya XAMPP: "MySQL shutdown unexpectedly". Unafuatwa na maelezo kwamba huenda poti imezibwa, au kuna kitu programu inakihitaji na hakipo, au ruhusa hazitoshi, au seva imeanguka, au imezimwa kwa njia nyingine. Ukiyasoma kwa makini utaona yametaja karibu kila kinachoweza kuiangusha seva, kwa hiyo hayajakusaidia kitu. Mwanafunzi ana siku mbili za kuwasilisha mradi. Anamuuliza mwenzake, na jibu analopewa ni lile la siku zote: futa yote, sakinisha upya.

Makala hii inapinga dawa hiyo. Kusakinisha upya kuna wakati wake, ila ni mwisho kabisa, na kwenye XAMPP hakuna njia ya haraka zaidi ya kupoteza kazi ya muhula mzima.

Seva ya hifadhidata ina sehemu mbili. Kuna programu yenyewe, yaani mysqld.exe na wenzake, ambayo unaweza kuipakua tena wakati wowote ukiwa na bando. Halafu kuna folda ya data, yenye majedwali yako pamoja na majina ya watumiaji na nywila zao. Ukisakinisha MySQL kwa kisakinishi rasmi cha Oracle kwenye Windows, data hukaa mbali na programu, ndani ya C:\ProgramData\MySQL, folda ambayo Windows huificha. Ukiondoa programu, mara nyingi folda hiyo hubaki pale pale. Ukiirudisha programu, inaikuta data ileile iliyoharibika na nenosiri lilelile ulilolisahau, na inagoma vilevile. Umenunua jiko jipya ukabandika sufuria ileile ya wali ulioungua. Kwa XAMPP hatari iko upande wa pili: data imo ndani ya C:\xampp\mysql\data, humo humo kwenye folda ya programu, na anayefuta folda ya xampp amefuta vyote.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, nakili folda ya data. Fungua Task Manager, utafute mysqld.exe, na uhakikishe haipo, kwa sababu mafaili yaliyonakiliwa seva ikiwa inafanya kazi huenda yasisomeke baadaye. Kisha nakili folda nzima, usichague faili hili na kuacha lile, uipeleke kwenye flashi au diski nyingine na kuipa jina lenye tarehe. Mambo yote yanayofuata hapa chini yanaweza kukosewa bila hasara ikiwa nakala hiyo ipo.

Jambo la pili ni kujua una seva gani. Paneli ya XAMPP imeandika MySQL, lakini tangu 2015 kilichomo ni MariaDB. Hizi mbili ni ndugu: MySQL ilianza 1995 huko Sweden, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008, na Oracle ilipoinunua Sun, Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi, alikuwa ameshaanza tawi lake na kuliita MariaDB. Kwa amri za kila siku hutaona tofauti. Kwenye matatizo utaiona, kwani mafaili ya ndani hayafanani na dawa ya mmoja inaweza kuwa sumu kwa mwingine. Fungua dirisha la amri uulize:

C:\xampp\mysql\bin\mysqld --version

Ukiona neno MariaDB kwenye jibu, achana na maelekezo yanayoanza kwa "kwenye MySQL 8".

Sasa tuje kwenye faili la makosa. Seva hii huandika humo habari za kuamka kwake, makosa yanayoipata na kuzimika kwake, na kwa kawaida sababu ya kufa huiandika kwa sentensi kamili. Kwenye XAMPP, bonyeza kitufe cha Logs kwenye mstari wa MySQL, au fungua mwenyewe faili la mysql_error.log lililo ndani ya folda ya data. Kwa MySQL rasmi, ingia C:\ProgramData\MySQL\MySQL Server 8.0\Data, utafute faili lenye jina la kompyuta yako na kiishio cha .err. Kwenye Ubuntu ni /var/log/mysql/error.log.

Faili hilo linatisha kwa urefu, na wengi hulifunga hapo hapo. Usilisome kuanzia juu. Nenda chini kabisa, panda mpaka uone mahali seva ilipoanza kuamka mara ya mwisho, kisha shuka taratibu ukitafuta neno [ERROR]. Mistari ya [Note] ipite. Ya [Warning] ipite pia kwa sasa. Kati ya mistari ya [ERROR], wa kwanza ndio wenye uzito. Iliyobaki ni matokeo yake. Mtu akiona mstari wa mwisho umeandikwa "Aborting" akaanza kuutafutia dawa huo, anatibu homa na kuacha malaria. Kama faili ni tupu, iwashe seva kwa mkono ili iseme mbele yako:

C:\xampp\mysql\bin\mysqld --defaults-file=C:\xampp\mysql\bin\my.ini --console

Chanzo kimoja utakachokutana nacho mara nyingi, hasa kwa anayeanza, ni poti. Seva inasikiliza kwenye poti namba 3306, na programu mbili haziwezi kusikiliza poti moja kwa wakati mmoja. Kwenye faili la makosa utaona maneno "Bind on TCP/IP port" pamoja na namba 10048, na chini yake seva inakuuliza yenyewe kama una mysqld nyingine inayofanya kazi. Mara nyingi jibu ni ndiyo. Ulisakinisha MySQL rasmi mwaka jana kwa ajili ya somo fulani, ukasahau, nayo imekuwa ikijiwasha kila Windows inapowaka. Mtafute mwenye poti hivi:

netstat -ano | findstr :3306

Safu ya mwisho kulia ni namba ya mchakato. Tuseme ni 5124. Uliza ni nani:

tasklist /fi "pid eq 5124"

Kama ni mysqld.exe, fungua services.msc, utafute huduma yenye jina kama MySQL80, uisimamishe, na ubadili namna yake ya kuanza iwe Manual. Hapo XAMPP itawaka. Usiiondoe huduma hiyo kabla hujakumbuka kama kuna kitu chako ndani yake.

Njia nyingine ni kuihamisha XAMPP iende poti 3307, na watu wengi huipenda kwa sababu inaonekana rahisi. Mimi siipendi kwa anayeanza. Inabidi ubadili namba kwenye my.ini sehemu mbili, chini ya [client] na chini ya [mysqld], kisha uiambie phpMyAdmin ndani ya config.inc.php, kisha kila programu yako ya PHP. Ukisahau mahali pamoja, programu yako inaenda kugonga mlango wa seva ile nyingine, ambayo nayo inajibu vizuri tu. Unaambiwa hifadhidata yako haijulikani, kosa 1049, na wewe unaiona pale kwenye skrini kwa macho yako. Mtu anaweza kumaliza wikiendi hapo.

Kuna mara chache ambapo netstat haionyeshi mtu yeyote kwenye 3306 lakini seva bado inakataliwa, na namba inayotokea ni 10013. Hapo Windows yenyewe imeitenga poti hiyo, jambo linalotokea kwenye mashine zenye Hyper-V au Docker. Amri hii inaonyesha poti zilizotengwa:

netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp

Ukikuta 3306 imeangukia ndani ya safu mojawapo, wakati mwingine kuwasha upya kompyuta kunatosha, maana safu hizo hugawiwa upya. Isipotosha, hapo ndipo 3307 ina kazi yake.

Tukitoka kwenye poti tunafika kwenye jambo zito zaidi kwa watu wa kwetu, nalo ni umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika ghafla, au laptopu yenye betri iliyokufa ikachomoka kwenye chaja, seva inakatwa katikati ya kuandika. Watu hudhani hapo data imeharibika. Kwa kawaida haijaharibika. Injini ya InnoDB, ambayo ndiyo inayotunza majedwali yako, huandika kila badiliko kwanza kwenye faili la kumbukumbu, ib_logfile0, kabla ya kulipeleka kwenye jedwali lenyewe. Ikiamka baada ya kuanguka, inasoma kumbukumbu hiyo, inamalizia yaliyokuwa yamethibitishwa na kuyafuta yaliyokuwa nusu. Kwenye faili la makosa utaona imeandika kwamba inaanza "crash recovery". Ukiona hivyo, kaa pembeni. Mwenye haraka huona seva inachelewa, akaiua kwa Task Manager, akaiwasha tena, akaiua tena, na kila mara anaikata katikati ya kujitibu.

Kinachoharibika zaidi kwenye XAMPP ni kitu kingine. MariaDB huweka majedwali yake ya ndani, yale ya watumiaji na ruhusa, kwenye injini iitwayo Aria, na hiyo ndiyo mara nyingi hushindwa kuamka. Mstari wa kwanza wa [ERROR] utasema "Aria recovery failed", au kwamba faharasa ya jedwali fulani, kwa mfano db, imeharibika. Kwa kawaida majedwali yako ya mradi ni mazima. Aliyelala mlangoni ni bawabu tu. Ingia kwenye folda ya majedwali hayo ya ndani ukarekebishe lile lililotajwa:

cd C:\xampp\mysql\data\mysql
C:\xampp\mysql\bin\aria_chk -r db

Rudia kwa kila jedwali lililotajwa. Kisha rudi kwenye folda ya data, uhamishe nje faili la aria_log_control na lile linaloanza na aria_log likiishia na namba. Nimesema kuhamisha, usifute. Iwashe seva, nayo itajitengenezea mengine mapya.

Sasa kuhusu ibdata1. Ndani ya folda ya data kuna faili hili, ambalo huwa kubwa kuliko mengine, halina kiishio, na jina lake halimwambii mtu kitu. Ndilo hufutwa na watu wanaotafuta nafasi kwenye diski, na ndilo hufutwa na wanaosikia kwamba ukilifuta seva itawaka. Seva kweli inaweza kuwaka. Mfano ni huu, wa mzee mwenye duka la vipuri na mpwa wake aliyemtengenezea mfumo wa stoo:

"Shikamoo mjomba. Nimeambiwa mfumo umerudi?"

"Marahaba, mwanangu. Umerudi, fundi wa hapa jirani ameuwasha. Ila bidhaa hazionekani."

"Majina ya majedwali unayaona upande wa kushoto?"

"Nayaona yote. Nikibofya linaniambia halipo."

"Alifuta kitu, mjomba?"

"Alifuta faili moja hivi, kubwa. Alisema ndilo lililokuwa linakwamisha."

Kosa analoliona mjomba ni namba 1932: jedwali lina jina lakini injini hailijui. Sababu ni kwamba kwenye MariaDB, faili dogo lenye kiishio .frm linahifadhi umbo la jedwali, faili la .ibd linahifadhi safu zenyewe, na ibdata1 ndiyo yenye daftari linaloeleza jedwali gani ni lipi. Daftari likiondoka, safu zote zipo kwenye diski na hakuna anayejua ni za nani. Kuziunganisha tena jedwali moja moja kunawezekana, ila ni kazi ya mtu anayejua anachofanya, na inahitaji umbo sahihi la kila jedwali. Ndiyo maana nakala ya folda nzima ilitangulia mambo yote.

Kama majedwali ya ndani yameharibika mno na aria_chk haifui dafu, kuna njia inayotumiwa na wengi ambayo mara nyingi hufanikiwa. XAMPP inakuja na folda ya C:\xampp\mysql\backup, yenye data safi kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Badili jina la folda ya data iwe data_zamani. Nakili folda ya backup, nakala yake uiite data. Kutoka data_zamani chukua folda za hifadhidata zako mwenyewe, ukiacha mysql, performance_schema na phpmyadmin, uzilete kwenye data mpya. Mwisho leta ibdata1 ya zamani ikae juu ya hiyo mpya. Washa.

Wanaoelekeza njia hii huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. ibdata1 ya zamani sasa inakaa na ib_logfile za folda mpya, na hesabu zao hazilingani. Faili la makosa litaanza kulalamika kwamba namba za mfuatano wa kumbukumbu ziko "in the future". Seva inafanya kazi, majedwali yanafunguka, na mtu anaendelea kuuza na kuandika kana kwamba amepona. Asiendelee. Dakika seva inapowaka kwa njia hii, toa data yote kwa mysqldump (amri yake iko mwishoni mwa makala), jenga folda safi ya data, na uirudishe humo. Kilichowashwa kwa viraka ni cha kutolea data tu.

Hali ni hiyo hiyo kwa innodb_force_recovery, mstari unaoongezwa kwenye my.ini chini ya [mysqld] pale InnoDB yenyewe inapokataa kuamka. Thamani yake ni 1 hadi 6. Anza na 1, jaribu kuwasha, panda hatua moja moja, uishie 3. Kuanzia 4 seva inaweza kuharibu data kwa kudumu, na nyaraka za MySQL zinasema hivyo waziwazi. Ikiwaka, toa data, kisha ufute mstari huo.

Kuna chanzo cha kuanguka ambacho hakina uhusiano na shirika la umeme. Kwenye XAMPP, ukibonyeza alama ya kufunga ya paneli, inajificha tu pembeni ya saa. Hata ukibonyeza Quit, mysqld inabaki inafanya kazi nyuma. Ukizima kompyuta, Windows inaikata bila kuiaga. Mtu anafanya hivyo kila jioni kwa miezi, halafu siku moja anashangaa. Bonyeza Stop kwanza, subiri maandishi yatulie, ndipo uzime. Au fungua paneli kama msimamizi, ubofye kisanduku kilicho kushoto kabisa mwa mstari wa MySQL ili isajiliwe kama huduma ya Windows. Hapo Windows itaizima kwa taratibu zake.

Vyanzo vingine vinakwenda haraka. Ukiambiwa VCRUNTIME140_1.dll haipo, umekosa kifurushi cha Visual C++ Redistributable cha Microsoft. Kipakue kwao, usakinishe, uwashe upya. Usipakue faili la .dll peke yake kutoka tovuti za mitaani. Kama XAMPP umeiweka ndani ya Program Files, ihamishie C:\xampp, maana ulinzi wa Windows huzuia programu kuandika humo, na kisakinishi chake huwa kimekuonya. Kama folda ya data iko ndani ya OneDrive, itoe. Diski ikijaa seva itasimama; angalia hilo kabla ya kutafuta mchawi. Faiwoli nayo husingiziwa bure: seva na programu inayoiita zikiwa kwenye kompyuta moja, kuzima faiwoli hakubadilishi kitu zaidi ya kuiacha mashine yako wazi.

Faili la my.ini linastahili maneno machache zaidi, kwa kuwa kosa lake halionekani kwa macho. Ukiandika njia ya folda kwa mikwaju ya Windows, kama C:\seva\data, seva husoma \s kuwa nafasi tupu na kwenda kutafuta folda isiyokuwepo. Andika kwa mikwaju ya mbele: C:/seva/data. Na ukilihifadhi faili kwa Notepad kama UTF-8 yenye BOM, baiti tatu zisizoonekana huingia mwanzoni mwake, na seva inalalamika "Found option without preceding group" wakati kila kitu unakiona kimekaa sawa. Lihifadhi upya kama ANSI au UTF-8 ya kawaida.

Kisakinishi rasmi cha MySQL kina ugonjwa wake: kinafika hatua ya "Starting the server", kinazunguka, kisha kinaweka alama nyekundu. Ukikiendesha tena kinagoma palepale. Mara nyingi kuna mabaki ya jaribio la kwanza, yaani huduma iliyosajiliwa na folda ya data iliyoandikwa nusu. Ikiwa una uhakika humo hamna kazi yako, ondoa huduma kwa dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

sc delete MySQL80

Kisha nenda C:\ProgramData, ubadili jina la folda ya MySQL, uendeshe kisakinishi tena. Hii ndiyo hali ambapo kusakinisha upya kunafaa, na kunafaa kwa sababu umeondoa pia kilichokuwa kinabaki. Kama bado unachagua toleo, anza na 8.4, ambalo Oracle ililitoa Aprili 2024 kama toleo la msaada wa muda mrefu; 8.0 muda wake wa msaada ulipangwa kuishia Aprili 2026. Kumbuka tu kwamba folda ya data ikishafunguliwa na toleo jipya hairudi kwa la zamani.

Seva ikishawaka, makosa hubadilika sura, na hapa watu huchanganya mambo mawili. Kosa 2003 lenye 10061 kwenye mabano maana yake hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo: rudi kwenye faili la makosa. Kosa 1045, "Access denied", maana yake seva ni nzima na imekujibu. Tatizo ni jina au nenosiri. Hata hivyo utakuta mtu aliyepata 1045 anafuta MySQL nzima, wakati nenosiri limo kwenye folda ya data na litamngojea huko.

Nenosiri la root lililosahaulika kwenye MySQL rasmi hubadilishwa hivi. Andika faili dogo, tuseme C:\nywila.txt, lenye mstari mmoja:

ALTER USER 'root'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nenosiri jipya lako';

Simamisha huduma, fungua dirisha la amri kama msimamizi, ingia folda ya bin ya MySQL, uiwashe seva ikiwa inalisoma faili hilo:

mysqld --defaults-file="C:\ProgramData\MySQL\MySQL Server 8.0\my.ini" --init-file=C:\\nywila.txt --console

Ikishawaka, jaribu kuingia kwa nenosiri jipya kupitia dirisha lingine. Ukifanikiwa, izime, ufute nywila.txt, uiwashe huduma kama kawaida.

Kwenye Ubuntu, kosa 1698 kwa root si la nenosiri hata kidogo. Huko root wa MySQL hutambuliwa kwa kuwa yeye ndiye root wa kompyuta, kwa hiyo andika sudo mysql na utaingia. Kwa programu yako tengeneza mtumiaji mwingine mwenye nenosiri lake, umpe haki kwenye hifadhidata moja tu. Kwenye XAMPP, root huja bila nenosiri. Ukimpa, phpMyAdmin itakataa kufunguka mpaka uandike nenosiri hilo ndani ya config.inc.php, kwa kuwa mpaka hapo yenyewe inajaribu kuingia mikono mitupu. Kosa 2059 linalotaja caching_sha2_password linatokana na programu ya zamani kujaribu kuongea na MySQL 8, ambayo ilibadili namna ya kuthibitisha nywila mwaka 2018. Sasisha programu inayoita, usishushe ulinzi wa seva.

Ukiwa na laptopu unayoitumia kwenye Wi-Fi ya chuo au ya mgahawa, fungua my.ini, na chini ya [mysqld] uweke bind-address = 127.0.0.1, ili seva isikilize maombi ya ndani ya mashine yako peke yake. Kwenye my.ini ya XAMPP mstari huo upo tayari, umezimwa kwa alama ya #. Ondoa alama hiyo.

Imebaki nakala rudufu, na ina mtego wake kwenye Windows. Amri inayoelekezwa kila mahali, ile ya mysqldump, huishia na alama ya > na jina la faili. Kwenye dirisha la amri la kawaida inafanya kazi vizuri. Kwenye PowerShell inayokuja na Windows, alama hiyo huandika faili kwa UTF-16, na siku ya kulirudisha MySQL hailisomi. Hujui hilo mpaka siku unapolihitaji. Tumia hii, iliyo salama kote kuwili:

mysqldump -u root -p --all-databases --result-file=nakala.sql

Ikiisha, fungua nakala.sql kwa Notepad, ushuke mpaka mwisho. Mstari wa mwisho unapaswa kusema "Dump completed". Usipouona, nakala imekatika katikati. Kisha tengeneza hifadhidata tupu ya majaribio, utoe tena nakala ya hifadhidata yako moja, tuseme inaitwa duka, safari hii bila --all-databases, na uirudishe humo ukitumia dirisha la amri la kawaida, kwa kuwa PowerShell haiipokei alama ya <:

mysqldump -u root -p duka --result-file=duka.sql
mysql -u root -p majaribio < duka.sql

Hesabu safu za jedwali moja kubwa kwenye duka na kwenye majaribio. Zikilingana, peleka duka.sql nje ya kompyuta hiyo.